Programu ya Mwaka 2004 kwenye Kompyuta ya Leo

Ujumbe ni wa mstari mmoja, na watu wengi huupokea kama hukumu:

error while loading shared libraries: libstdc++.so.5: cannot open shared object file: No such file or directory

Mtu amebofya programu, hakuna kilichofunguka. Amejaribu tena kupitia terminali, ndipo mstari huu ukajitokeza. Wengi huishia hapo. Programu inaambiwa imepitwa na wakati, kompyuta inaambiwa ni mbovu, na kazi ya miaka iliyokuwa inategemea programu hiyo inaachwa. Nimeandika sura hii kwa sababu hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Linux haijasema kwamba programu imekufa. Imesema kuna faili moja, ikalitaja kwa jina lake na namba yake, ambalo programu ilitarajia kulikuta na haikulikuta. Faili lenye jina hutafutika.

Anayetengeneza programu haandiki kila kitu kwa mkono wake. Kufungua picha, kuchora madirisha, kukokotoa, kulinda mawasiliano, yote hayo yameshaandikwa na wengine na kuwekwa kwenye faili zinazoitwa maktaba za pamoja. Kwenye Linux majina yake huanza na lib na hubeba .so. Usukumani ng'ombe wa kaya nyingi hunywa kwenye lambo moja, na hakuna anayelazimika kuchimba la kwake; ndivyo programu mia zinavyochota kwenye maktaba moja, nafasi ya diski ikaokolewa, na kasoro ikizibwa mahali pamoja ikawa imezibwa kwa wote. Anayepata shida ni yule aliyeondoka miaka ishirini iliyopita. Anarudi kwa njia ileile aliyoizoea, anakuta lambo limehamishwa.

Namba iliyo mwishoni mwa jina la maktaba ni mkataba. Kompaila ya GCC ya toleo la 3.2 ilizalisha programu zinazodai libstdc++.so.5. Ilipotoka GCC 3.4, Aprili 2004, mpangilio wa ndani ulibadilika kiasi kwamba programu za zamani zisingeweza kuelewana nao, ndiyo maana namba ikapanda kuwa 6. Waliopandisha namba hiyo walifanya jambo la uungwana: badala ya kuiacha programu ya zamani ishike faili lisilo lake na kuharibu kazi kimyakimya, walihakikisha inasimama mlangoni na kusema inamtaka nani.

Na kuna jambo linalonipa moyo kila ninapokutana na mstari ule. Keneli ya Linux, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, inaendeshwa kwa kanuni aliyoishikilia kwa ukali: keneli mpya hairuhusiwi kuvunja programu iliyokuwa ikifanya kazi kwenye keneli ya jana. Maana yake, programu ya 2004 ikiomba kufungua faili au kupewa kumbukumbu, keneli ya leo bado inaelewa ombi lake. Kilichohama ni tabaka la juu yake, la maktaba. Kwa hiyo kazi yetu ni ndogo kuliko inavyoonekana: kurudisha tabaka hilo peke yake, na kwa programu hiyo peke yake.

Mfano nitakaoutumia unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Matunda yake yalikuwa Jambo OpenOffice, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo: programu ya ofisi iliyojengwa juu ya OpenOffice.org ya mfululizo wa 1.1, menyu na maelezo yake yakiwa kwa Kiswahili. Kwa karani aliyefundishwa kompyuta kwa kukariri menyu za Kiingereza bila kuzielewa, hili halikuwa jambo dogo. Watu walikaa wakajadiliana neno kwa neno jinsi kompyuta itakavyosema nasi, na matokeo ya mazungumzo hayo yamo ndani ya programu ile. Ningesikitika sana ikibaki kuwa jina tu kwenye historia kwa sababu ya faili chache zilizohama.

Sasa iweke programu hiyo Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, ukawa na wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ofisi zikaanza upya, lakini nyaraka hazikuanza upya. Zilikuja zilivyo, kwenye diski na flashi, zikiwa zimeandikwa kwa programu za miaka ya nyuma. Mashine nyingi zinazotumika ni za mtumba. Intaneti ya fundi wa mtaani ni simu yake iliyowashwa hotspoti, na bando analinunua mwenyewe. Maelekezo mengi ya Linux yameandikwa na watu wasiowaza hesabu hiyo. Wanamwambia msomaji asakinishe mfumo wote upya kama vile gigabaiti kadhaa ni maji ya bomba. Fundi wa Somanda, hapo Bariadi, anahitaji maelekezo yanayomfikisha kwa megabaiti chache.

Kabla ya kushika amri yoyote, liko swali ambalo lingeokoa nusu ya juhudi watu wanazozipoteza: unataka programu, au unataka kilichoandikwa kwayo? Mwenye muhtasari wa vikao vya chama cha ushirika (AMCOS) cha pamba, uliohifadhiwa na OpenOffice.org ya zama zile, ana faili linaloishia na .sxw. Meza yake ya hesabu za kilo na malipo inaishia na .sxc. Akifika kwa fundi anasema, "Fundi, nataka ile programu ya zamani," na fundi anaingia msituni kutafuta maktaba. Haikuwa lazima. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org Septemba 2010, bado inafungua faili hizo mbili bila kudai kitu cha zamani. Zifungue, zihifadhi upya kama .odt na .ods, tunza na za awali, kazi imekwisha. Hata LibreOffice isipokuwepo, faili la .sxw ni furushi la zip la kawaida. Ukilifungua kwa unzip utakuta ndani yake content.xml, na maneno ya kikao yamo humo, yanasomeka kwa macho.

Kwenye hili Kiswahili kimetupa ahueni ya bure. Hakina herufi zenye vistari wala vidoti, kwa hiyo matini yetu ya 2004 hayageuki kuwa visanduku na alama za ajabu pale kompyuta mpya inaposoma herufi kwa utaratibu mwingine. Wenzetu wa Kenya wanaoandika Kikuyu hawana bahati hiyo. Tazama pia orodha ya tahajia ya Kiswahili, sw_TZ, inayokuja na LibreOffice: ni faili mbili za matini, moja ya maneno na moja ya kanuni za viambishi. Faili za namna hiyo hazidai libstdc++ ya namba yoyote. Zinahama kutoka programu hadi programu na kutoka mwaka hadi mwaka, na mtu yeyote mwenye kihariri cha matini anaweza kuongeza neno. Kama wewe ni mtengenezaji wa programu unayesoma sura hii, hapo ndipo pa kuweka vitu unavyotaka viishi.

Lakini zipo siku ambazo programu yenyewe ndiyo inayotakiwa. Steshenari ina printa ambayo dereva yake ya mwisho iliandikwa zamani. Mtafiti wa lugha anataka kuona menyu za Jambo zilivyokuwa, si kusoma habari zake. Shule ina mazoezi ambayo hayafunguki kwa kitu kingine. Hapo twende pamoja.

Hatua ya kwanza ni kuiuliza programu ni ya aina gani. Ingia kwenye folda yake na uandike hivi, soffice.bin likiwa faili kuu la Jambo:

file soffice.bin

Kwa programu ya zama za Jambo, jibu litakuwa na maneno "ELF 32-bit" na "Intel 80386", na mara nyingi njia hii: /lib/ld-linux.so.2. Hiyo njia ndiyo ya kuitazama. Ni kipakiaji, programu ndogo inayoamshwa kabla ya programu yako ili ikusanye maktaba zote zinazohitajika. Kompyuta ya leo ya biti 64 ina kipakiaji kingine, /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, na kile cha biti 32 huenda hakipo kabisa. Kikikosekana, unapata jibu linalowachanganya hata wazoefu: unaandika ./soffice.bin, kompyuta inasema "No such file or directory", na ukiandika ls unaliona faili lilelile limekaa mbele yako. Linux haisemi uongo. Faili ambalo halipo ni kipakiaji, ila ujumbe haukitaji. Bash ya matoleo mapya, kuanzia 5.2, imeboresha kauli hiyo na kusema "required file not found".

Kwenye Debian, Ubuntu na ndugu zake, dawa ni hii:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386

Mstari wa kwanza unairuhusu kompyuta ya biti 64 kupokea pakeji za biti 32 bila kuchanganya. Wa pili unapakua orodha ya pakeji za aina ya pili, na huo unakula bando kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo ufanye mara moja tu. Wa tatu unaleta kipakiaji na maktaba mama ya C. Mlango huu wa biti 32 umekuwa ukibanwa. Mwaka 2019 Canonical, wenye Ubuntu, walitangaza kuziondoa kabisa pakeji za i386. Watumiaji wa michezo ya Steam na wa Wine wakapiga kelele, na kampuni ikakubali kubakiza sehemu yake. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye kompyuta ya biti 32, ingawa bado inabeba maktaba za i386 kwa ajili ya programu za zamani kama hii yetu. Na anayejaribu kwenye Raspberry Pi ajue mapema kwamba prosesa yake ni ya jamii nyingine, ARM; huko maktaba peke yake hazitoshi, inahitajika programu ya kuigiza prosesa.

Kipakiaji kikishapatikana, ndipo ujumbe tulioanza nao sura unapotokea. Usikimbilie jina la kwanza lililotajwa. Kipakiaji husimama kwenye pengo la kwanza, na nyuma yake yanaweza kuwapo mengine manne. Omba orodha nzima:

ldd soffice.bin

Kila mstari wenye "not found" ni deni. Yaandike yote kwenye karatasi kabla ya kuwasha data. Tahadhari moja: ldd inaweza kuiendesha programu unayoichunguza, kwa hiyo kwa faili usilojua limetoka wapi tumia readelf -d, ambayo inasoma tu na kukuonyesha mistari yenye neno NEEDED.

Baada ya hapo tafuta karibu kabla ya kwenda mbali. Amri apt-file search libstdc++.so.5 inakuambia pakeji gani ya mfumo wako inabeba faili hilo. Watu wengi huruka hatua hii na kuanza kupakua vitu kwenye kurasa za watu wasiowajua, wakati Debian na Ubuntu ziliendelea kwa miaka mingi kubeba pakeji ya libstdc++5 kwa ajili ya programu kama hizi. Ukiiona, isakinishe ukiongeza :i386 mwishoni mwa jina. Kiambishi hicho kikisahaulika, utaletewa ya biti 64, ldd itaendelea kusema haipo, na utadhani umerogwa.

Nimetaja printa, na nataka nikae nayo kidogo kwa sababu huko ujumbe hauonekani kabisa. Dereva za CAPT za Canon, zinazoendesha printa ndogo za leza kama LBP2900, zina sehemu za biti 32 hata pale pakeji yake ilipoandikwa kuwa ni ya biti 64. Maktaba za i386 zikikosekana, kompyuta inapokea kazi, foleni inaonyesha kazi, karatasi haitoki, na hakuna dirisha linalosema sababu. Mwenye duka analaumu wino, kisha waya. Fundi anayejua mambo ya sura hii anafungua /var/log/cups/error_log, anazitafuta faili za dereva hiyo kwa dpkg -L, anaendesha ldd juu ya kila moja, na anakuta majina kama libpopt na libxml2 yamekosekana upande wa biti 32. Anasakinisha, printa inaanza kupumua.

Sasa nifike penye kishawishi. Mtu anatafuta libpng12.so.0, haioni, lakini anaiona libpng16.so.16 kwenye kompyuta hiyohiyo. Anatengeneza kiungo: faili jipya linapewa jina la zamani. Kipakiaji kinatafuta jina, kinalikuta, ujumbe unatoweka, na mtu anafurahi. Ameivua programu ulinzi ule ule tulioueleza mwanzoni. Kati ya libpng 1.2 na 1.6 mambo ya ndani yalibadilishwa, na programu inayotarajia kukuta thamani mahali fulani kwenye kumbukumbu inakuta kitu kingine. Ukibahatika, inaanguka papo hapo. Usipobahatika, inaendelea na kuandika faili lenye makosa. Ziko maktaba ambazo kiungo cha namna hii huzifaa mara nyingi, libtinfo.so.5 kuelekezwa kwa libtinfo.so.6 ikiwa mfano wa kawaida, na sitamlaumu fundi aliyebanwa akifanya hivyo kwa programu rahisi ya terminali. Kwa programu inayohifadhi hesabu za watu, simruhusu.

Kosa la pili ni zito zaidi, na nalisema kwa herufi zote: usibadilishe libc.so.6 ya mfumo. Hutokea hivi. Programu inalalamika "version GLIBC_2.34 not found". Mtu anapakua glibc, yaani hiyo maktaba mama ya C, ya toleo jipya kutoka mahali fulani na kuibandika juu ya ile iliyopo. Sekunde inayofuata ls haifanyi kazi. cp haifanyi kazi. sudo haifanyi kazi, kwa hiyo hawezi hata kurudisha alichokitoa, kwa sababu karibu kila amri kwenye kompyuta inachota kwenye faili hilo moja. Njia iliyobaki ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux na kurekebisha kutoka nje, na kama flashi hiyo haipo mjini, ofisi inalala.

Ujumbe wa GLIBC wenyewe unaelekeza kwingine kabisa. Glibc imetengenezwa ili programu ya zamani iendelee kufanya kazi juu ya toleo jipya. Ndani yake kazi nyingi zina nakala ya zamani na ya mpya, kila moja na alama ya toleo, na programu ya 2004 hupewa ile ya 2004. Kinyume chake hakiwezekani. Toleo la 2.34 ni la Agosti 2021, kwa hiyo anayeona namba hiyo hana programu ya zamani. Ana programu mpya kwenye mfumo wa zamani, jambo la kawaida sana kwenye mashine ambayo haijasasishwa kwa kubania data. Hapo atafute toleo la programu lililotangulia, au asasishe mfumo wote kwa utaratibu.

Turudi kwenye maktaba ambayo kweli haipo tena kwenye mfumo wako. Debian hutunza matoleo yake yote ya zamani kwenye archive.debian.org, na snapshot.debian.org ina pakeji kwa tarehe zake. Ubuntu ina old-releases.ubuntu.com. Chukua pakeji inayobeba faili lako, lakini usiisakinishe. Ifungue tu ndani ya folda ya programu:

dpkg-deb -x pakeji.deb /opt/jambo/zamani

Kisha andika faili fupi la kuiwasha programu:

#!/bin/sh
LD_LIBRARY_PATH=/opt/jambo/zamani/usr/lib exec /opt/jambo/program/soffice.bin "$@"

Folda hiyo inategemea pakeji ilivyopangwa, iangalie kwanza. Uzuri wa njia hii ni kwamba programu ya zamani inapewa maktaba zake za zamani, na programu nyingine zote kwenye kompyuta hazijui kwamba zipo. Ikishindikana, unafuta folda moja na mambo yanarudi yalivyokuwa. Usiweke LD_LIBRARY_PATH kwenye .bashrc au mahali popote panapogusa mfumo mzima; utakuwa umezilisha programu mpya chakula cha zamani. Asiyependa faili la kuwashia anaweza kutumia patchelf, inayoandika njia ya folda ndani ya programu yenyewe.

Maktaba moja naiweka kando na hizi zote: OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya mtandao, yenye faili za libssl na libcrypto. Matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f ndiyo yaliyokuwa na tundu la Heartbleed lililotangazwa Aprili 2014, lililomwezesha mtu wa mbali kusoma kumbukumbu ya seva. Mfululizo wa 1.0.2 uliachwa kuhudumiwa mwisho wa 2019, na 1.1.1 Septemba 2023. Kwa programu isiyotoka nje ya kompyuta, libssl ya zamani kwenye folda yake ina hatari ndogo. Kwa programu inayotuma majina ya wagonjwa au namba za malipo kwenye mtandao, jibu langu ni hapana, hata kama mwenye ofisi ana haraka. Na mara nyingi hata haisaidii: OpenSSL ya kabla ya 2012 haijui TLS 1.2, na seva nyingi za leo hazikubali kuzungumza na asiyeijua.

Zipo programu zinazodai maktaba ishirini za zamani, na hizo zina zao ishirini nyingine. Kuzichota moja moja ni kujitesa. Hapo jenga chumba. Amri ya debootstrap inaweka Linux ndogo nzima ya zamani ndani ya folda moja, na chroot inakuingiza humo. Jirani wa karibu wa Jambo ni Debian 3.1, iliyoitwa sarge, ya Juni 2005; ukichagua --arch=i386 unapata tabaka zima la zama zile. Keneli inabaki ile yako ya leo, na kwa sababu ya kanuni ya Torvalds inaihudumia. Funguo za uthibitisho za miaka ile zimeshapitwa, kwa hiyo debootstrap itakudai uzime ukaguzi. Uzime kwa chumba hiki tu, na usiingie mtandaoni ukiwa ndani yake. Docker na wenzake hufanya kazi ileile kwa sura ya kisasa, ila hudai kupakua vingi zaidi.

Shule zina namna yao ya tatizo hili. KA Lite, iliyoanza Desemba 2012, iliwezesha shule isiyo na intaneti kuweka masomo ya video ya Khan Academy kwenye seva moja na kuyasambaza darasani. Iliandikwa kwa Python 2, lugha ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Debian 11 bado iliibeba python2.7, Debian 12 haina. Mwalimu anasasisha seva wakati wa likizo kwa nia njema, na muhula unapofunguliwa masomo hayapo. Kwa hali hii simshauri afukue Python 2. Watengenezaji walewale, Learning Equality, walishaandika Kolibri kuchukua nafasi yake, na Kolibri ina menyu za Kiswahili. Aiache seva ya zamani bila kuisasisha hadi Kolibri iwe imesimama kwenye mashine ya pili na wanafunzi wameijaribu, ndipo ahamie.

Limebaki suala la data. Amri ifuatayo haipakui chochote. Inaandika orodha ya pakeji zote zitakazohitajika, kila moja na anwani yake, ukubwa wake na alama ya kuthibitisha kwamba haikuharibika:

apt-get -y --print-uris install libstdc++5:i386 > orodha.txt

Faili hilo ni la kilobaiti chache. Mpe kwenye flashi mtu anayepanda basi la Mwanza kupitia Lamadi na Magu, au litume kwa simu kwa mwenzako aliyeko kwenye chuo chenye mtandao wa waya. Akishazipakua, pakeji zinawekwa kwenye /var/cache/apt/archives ya kompyuta ya Bariadi, kila moja kwa jina lililoandikwa kwenye orodha.txt, na apt-get install inazikuta hapo, inazikagua kwa alama zake na kuzisakinisha bila kugusa bando. Kwa kazi kubwa zaidi ipo apt-offline, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo hasa.

Tumia apt-get kwenye kazi hii, si apt ya kawaida. Tangu 2016 apt hufuta pakeji ilizopakua mara inapomaliza kusakinisha, wakati apt-get huziacha. Kabla ya kumkabidhi mteja kompyuta yake, nakili yote yaliyomo kwenye /var/cache/apt/archives, pamoja na programu yenyewe, faili la kuwashia uliloandika na orodha.txt, uviweke kwenye folda moja kwenye flashi mbili. Ongeza faili la matini linaloeleza kwa Kiswahili toleo la mfumo, matokeo ya ldd ya kabla na ya baada, na amri ulizotumia kwa mpangilio wake. Flashi moja abaki nayo mwenye ofisi, ya pili iwe dukani kwako. Siku diski ya kompyuta ile itakapokufa, atakayeitwa anaweza asiwe wewe.